Rola Kosta Mpya Ikifunguliwa, Mi Naenda Mwaka wa Pili

Mlango wa chumba cha watoto kwa dada yangu kule Buswelu, Mwanza, una mistari ya penseli kwenye fremu upande wa kushoto, kila mstari na tarehe yake, na mstari wa juu kabisa wa mpwa wangu ulikuwa unasoma sentimita 138. Siku moja nimefika nikamkuta kasimama hapo kavaa soksi jozi mbili, moja juu ya nyingine, shingo kainyoosha kama korongo, ananiambia mjomba shika tepu unipime tena. Sababu nyumba nzima inaijua: Formula Rossa, ile rola kosta ya Abu Dhabi, yaani treni ya kuchezea inayopanda na kushuka kwa kasi, hawampandishi mtu ambaye hajafika sentimita 140, na baba yake, yaani shemeji yangu, ana duka la nguo Makoroboi na huwa anaenda Dubai kufuata mzigo, ameshatamka mbele ya mashahidi kwamba binti akifaulu la saba mwaka huu basi safari ya Desemba wanaenda wote. Soksi nikamvulisha. 138 ileile.

Sasa wakati sisi wakubwa tunahangaika na hesabu za nauli na viza, mwenzetu kabadilisha gia. Kaangalia video mbili tatu kwenye simu ya mama yake akaja na hoja kwamba Abu Dhabi hapana.

"Mjomba, hiyo si ya 2010? Mi nilikuwa hata sijazaliwa!"

Anachokitaka saivi ni Falcons Flight, rola kosta ya bustani ya michezo ya Six Flags Qiddiya City, nje kidogo ya Riyadh kule Saudi Arabia, iliyofunguliwa siku ya mwisho kabisa ya mwaka 2025. Na siwezi kumlaumu, maana ukisoma namba zake lazima ukae chini kwanza: kutoka chini kabisa ya reli mpaka kileleni mita 195, reli yake kilomita 4 na robo, spidi kilomita 250 kwa saa, na sehemu moja inashuka na jabali kabisa. Kwa sisi watu wa ziwani nizipime hivi: Ziwa Viktoria pale penye kina kirefu kuliko pote ni mita 80 na kidogo, kwa hiyo chukua kina chote hicho kigeuze kiangalie mbinguni, weka kingine juu yake, na bado hujafika kileleni. Treni ya SGR ya Dar kwenda Dodoma inapofika 160 watu wanapiga picha ile skrini ya spidi wanaposti, hii ni ya kuchezea tu na inaipita kwa kilomita 90.

Ila nikamwambia hapana, na wala sio kwa sababu ya hela. Msimamo wangu kwenye mambo haya ni mmoja na nimeugharamia: rola kosta mpya usiikatie tiketi ya ndege mwaka wake wa kwanza. Ifuatilie, angalia video za ujenzi, bishana na washkaji mpaka usiku wa manane kwamba itakuwa hivi itakuwa vile, hiyo raha yote ni halali na haina kiingilio. Lakini nauli ipeleke kwenye ile iliyokwisha kuzoeleka. Mpya iachie mwaka wa pili, ikibidi wa tatu.

Anza na Kingda Ka, iliyokuwa Six Flags Great Adventure, New Jersey, Marekani. Imefunguliwa Mei 2005, mita 139, kilomita 206 kwa saa, wakati huo hakuna ndefu wala yenye mbio kama hiyo duniani. Juni ikaharibika mfumo wa kuirusha, ikafungwa mpaka Agosti. Jiweke wewe sasa ndo ulikata tiketi ya Julai, umeomba likizo, umeaga kazini, umeaga kanisani, kisha unafika unasimama chini yake unaiangalia kama mnara wa simu.

Ya pili inauma zaidi. Bustani ya Cedar Point, Ohio, hukohuko Marekani, walikuwa na Top Thrill Dragster, ya mwaka 2003, mita 128. Mwaka 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni kikampiga mgeni aliyekuwa amesimama kwenye foleni, wakaifunga, wakaja kuamua kuisuka upya: mnara wa pili, mfumo wa haidroliki wakautoa wakaweka sumaku za umeme, mabehewa mapya, jina jipya, Top Thrill 2. Imefunguliwa Mei 4, 2024. Wiki mbili hazikuisha ikafungwa, safari hii tatizo liko kwenye hayohayo mabehewa mapya, na msimu wote wa 2024 ikakaa kimya mpaka 2025 ndo ikarudi. Mwezi huohuo wa Mei 2024 Waingereza nao pale Thorpe Park wakafungua Hyperia, mita 72, ndefu kuliko zote nchini kwao, na siku za mwanzo tu ikasimama kwa hitilafu ikabidi watu waambiwe subirini.

Kuna anayesema hao wanajenga ovyo. Hapana bwana. Gari ulilonunua lilitengenezwa kwa maelfu, kasoro zake waliziona wenzako kabla yako. Rola kosta kubwa ya kuvunja rekodi mara nyingi ni ya kwanza ya aina yake, kwa hiyo kiwanda na fundi na kompyuta wote wanajifunza papo kwa hapo, na mwalimu wao ni wewe abiria. Wanaijaribu sana kabla, tena kwa masanamu yaliyojazwa maji yakakalishwa kwenye viti kama watu, mizunguko kwa mamia. Lakini sanamu la maji haliombi kushuka dakika ya mwisho, halidondoshi simu, halikai na mtoto anayelia mkanda umembana, halichelewi kufunga.

Halafu kuna hili la bloki ambalo wengi hawalijui. Reli yote imekatwakatwa vipande, na sheria ni kwamba kipande kimoja treni moja, ya nyuma haiingii mpaka ya mbele itoke. Kila kipande kina vihisio, na kihisio kimoja tu kikiona kitu ambacho hakikielewi, kompyuta inasimamisha kila kitu. Mwaka wa kwanza vihisio vinashtuka ovyo, ndo maana unasikia leo imesimama mara nne. Inakera, ila uliza kilichotokea Alton Towers, Uingereza, Juni 2015 kwenye The Smiler: treni tupu ya majaribio ilikwama njiani, mfumo ukaizuia ya nyuma kama inavyotakiwa, mafundi wakadhani mfumo unakosea wakaupita, treni yenye watu ikaenda kuigonga ile tupu na wasichana wawili wakapoteza kila mmoja mguu mmoja. Kwa hiyo mi mashine inayosimamasimama siidharau. Nasema tu isisimame siku yangu.

Na hapa ndo nafika kwenye kitu ambacho naona kinatupoteza sisi wa huku. Zile video tunazoangalia, wale vijana wanaosema lazima uwepo siku ya ufunguzi, usikose, ni watu wanaokaa dakika arobaini kutoka getini na mfukoni wana tiketi ya mwaka mzima. Ikifungwa leo anarudi Jumamosi. Ikifungwa Jumamosi anarudi mwezi ujao, na katikati hapo anatengeneza video nyingine ya kulalamika inampa watazamaji. Ushauri wake ni mzuri kabisa, kwake. Wewe umetoka Mwanza, umepanda ndege mbili au umeanza na basi mpaka Dar, viza ina siku zake, hoteli ina siku zake, na una siku moja, sanasana mbili. Mtu wa Mwanza hana Jumamosi ijayo. Umbali ndo unabadilisha hesabu yote, na umbali haupo kwenye video.

Mbona kwenye mambo yetu hilo tunalijua? Daraja la Kigongo–Busisi jiwe la msingi limewekwa Desemba 2019, limezinduliwa Juni 2025, kilomita 3 za zege juu ya maji, na miaka yote hiyo kila mtu alikuwa analisubiri kwa hamu na kulipiga picha. Ila uliona nani aliyepanga harusi ya Sengerema kwa kutegemea daraja litakuwa tayari? Kadi zilichapwa kwa hesabu ya kivuko. Daraja tulikuwa tunalisubiri kwa moyo, safari tunazipanga kwa kivuko. Sasa hiyo akili yetu nzuri inaenda wapi tukishaona tangazo la chuma cha nje? Falcons Flight yenyewe ilitangazwa 2019, mwaka uleule wa jiwe la msingi la daraja letu, na imefunguliwa baada ya daraja. Mzazi aliyeanza kumwekea akiba mtoto wa darasa la kwanza leo mtoto anaenda sekondari.

Mshkaji wangu mmoja wa Kirumba, tunabishana naye haya mambo miaka, ana hoja ambayo inanitesa. Anasema ukisubiri sana unakosa kabisa. Na ni kweli: Kingda Ka ileile, Novemba 2024 wakatangaza kwamba imeshafungwa moja kwa moja, hata nafasi ya kuaga hawakutoa, na Februari 28, 2025 wakaiangusha kwa baruti. Bustani ya Ratanga Junction ya Cape Town, iliyokuwa na rola kosta yake ya Cobra watu wanaiota, ikafunga 2018 na habari ikaisha hapo. Yeye kila nikitaja mwaka wa pili ananiambia "Kingda Ka, kaka, Kingda Ka". Sawa, nakubali, ila mi nimesema mwaka wa pili, sijasema wa ishirini. Kati ya wa pili na wa kumi pana nafasi kubwa sana ya mtu mwenye akili zake kukusanya nauli.

Niliposema nimeugharamia msimamo huu sikuwa natania. Miaka ya nyuma nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa kwenye nchi moja ya kusini, mji siutaji wala bustani yenyewe siitaji, nikabana siku moja ya mwisho kwa ajili ya rola kosta moja niliyokuwa naiangalia YouTube mpaka kona zake nazijua kwa kichwa kama njia ya Nyegezi. Nimelipa getini kiingilio kamili. Nimetembea haraka nikiwapita watu wenye watoto. Nafika, uzio umefungwa na waya, na kikaratasi ndani ya mfuko wa nailoni kimeandikwa imefungwa kwa matengenezo, samahani kwa usumbufu. Nikasimama hapo. Juu kwenye reli kulikuwa na fundi mmoja amejifunga kamba, ana kinyundo kidogo na tochi, anagonga bolti moja anasikiliza, anasogea anagonga nyingine, na nikaona kila bolti ina mstari mweupe wa rangi umechorwa kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ili nati ikisogea hata kidogo tu mstari unakatika na wewe unaona. Nilimwangalia kama robo saa hivi, maana nilikuwa sina pa kwenda. Mama mmoja mfagizi akanionea huruma, akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema pole sana mwanangu, ungepiga simu jana wangekwambia.

Ungepiga simu jana. Kilomita zote zile, na dawa yake ilikuwa vocha ya simu.

Basi tangu hapo nikipangia mtu safari naanza na simu, na swali la kwanza sio ina mita ngapi, ni leo zinatembea treni ngapi. Watu wanalidharau hili swali wakati ndo siku yao yote. Chukua rola kosta yenye treni tatu, kila moja inabeba watu 24, na kila sekunde 72 inatoka moja: hiyo ni mara 50 kwa saa, watu 1,200, yaani kila saa inameza abiria wa kujaza meli ya MV Mwanza nzima. Ukikuta mbele yako kuna watu 600 usiogope, nusu saa umepanda. Sasa treni mbili zikiwa gereji ikabaki moja, wanapakia 400 kwa saa, na watu walewale 600 wamekuwa saa na nusu, juani, na mtoto anataka maji, na ukishatoka foleni kwenda kumtafutia maji ndo umerudi mwanzo. Mashine ni ileile, mita ni zilezile, kilichobadilika ni treni mbili. Na mwaka wa kwanza ndo mwaka ambao treni moja iko chini kila siku na watu ndo wengi kuliko mwaka wowote. Kama umewahi kuwepo Kamanga kivuko kimoja kikiwa kibovu siku ya Ijumaa jioni, haya mi nakueleza nini.

Kuhusu siku. Emirates wikiendi yao tangu 2022 ni Jumamosi na Jumapili, Saudi ni Ijumaa na Jumamosi, usichanganye ukaingia na umati wao. Desemba kule hali ya hewa ni nzuri, joto limepungua, sema tarehe 2 na 3 ni sikukuu ya taifa ya Emirates, kila familia iko nje na kila foleni iko nje, kwa hiyo nimemwambia shemeji afuate mzigo wake siku hizo na bustani waende katikati ya wiki inayofuata, Jumanne au Jumatano, wafike kabla geti halijafunguliwa, wapande hiyo kubwa kwanza kabla ya chai. Ile tiketi ya kuruka foleni ni ghali, mi naona inafaa ukiwa na siku moja tu, ukiwa na mbili ni kutupa hela. Na wapande mara mbili kama nafasi ipo: asubuhi na alasiri, maana treni ikishapata joto, grisi ikalainika, inakimbia zaidi kuliko ya asubuhi, na kiti cha mbele kinakupa kuona, cha nyuma kinakupa kutupwa, kwa sababu ikianza kushuka behewa la nyuma linavutwa na wenzake kabla halijawa tayari.

Na hiyo Formula Rossa ambayo mpwa wangu anaiita ya kizamani, tuwe wa kweli, inakufikisha kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 5 hivi, wanakuvalisha miwani ili vumbi na wadudu wasikuingie machoni, na tangu 2010 mpaka Falcons Flight inakuja hakuna iliyoipita spidi duniani. Tofauti kati ya mpya na ya zamani ni kilomita 10. Mtoto wa sentimita 138 anaijuaje tofauti ya 240 na 250 kama upepo wote umemjaa mdomoni? Ila hata hiyo nimemsisitiza shemeji, siku moja kabla apige simu.

Sasa najua swali linalokuja, maana kila nikizungumza haya lazima mtu aulize na sisi Mwanza yetu lini. Nami naitamani, nisiseme uongo. Hiyo Cedar Point niliyoitaja iko kwenye rasi inayoingia ziwani, Ziwa Erie, ukiiangalia kwenye ramani ni kama Capri Point iliyonyooshwa, na watu wanakwenda kustarehe pale tangu 1870. Ziwa lao ukilichukua linaingia ndani ya letu mara mbili na nafasi inabaki. Wana upepo wa ziwa unaofunga mashine ndefu, wana radi, na Juni wana wingu la wadudu wa ziwani wanaoganda kwenye taa na kwenye viti mpaka wanafagiliwa, mtu wa Kayenze akiona hizo picha atadhani ni nyumbani. Kwa hiyo ziwa sio kisingizio.

Kinachonipa wasiwasi ni kitu kingine. Wale baridi ikiingia wanafunga, kuanzia Novemba mpaka Mei hakuna mgeni, na miezi hiyo ndo treni zinabomolewa bolti kwa bolti, vyuma vinapimwa nyufa ambazo jicho halioni, kisha zinaunganishwa upya. Theluji inawalazimisha kufanya matengenezo. Sisi hatuna theluji. Kwetu kuna Eid, kuna Pasaka, kuna likizo ya Juni, Nane Nane, Krismasi, mwaka mpya, na mwenye mashine anaona kila mwezi una hela yake. Nani atamwambia funga miezi miwili?

Mwaka jana Eid kulikuwa na mabembea ya umeme kwenye kiwanja kimoja huku kwetu, muziki mkubwa, taa, lile puto la kurukia, mishikaki, raha tupu. Nimewapeleka watoto. Wakati wanasubiri zamu yao nikapita nyuma, tabia niliyoitoa kule kusini, naangalia mistari ya rangi kwenye nati. Mistari hamna. Nikaangalia kiungo kinachoshika mkono wa bembea, pale ambapo panatakiwa kuwe na kipini cha kuzuia bolti isichomoke, nikakuta msumari wa inchi nne umepitishwa ukakunjwa. Msumari wa kupigilia mbao, umeshaanza kutu. Nikamwita kijana wa pale nikamwonyesha, akaniangalia kwa upole kabisa, hakukasirika.

"Kaka, hii imetoka Shinyanga hivihivi na haijamdondosha mtu."

Watoto nikawashusha, wakanuna mpaka nyumbani, na yule wa mwisho mpaka leo anamwambia kila mtu mjomba anaogopa bembea.

Ndo maana ikitokea mwekezaji akaja hapa na michoro ya rangi anasema atatujengea ya kuvunja rekodi ya Afrika, mi nitakuwa upande wa wanaopinga, na nitasimama mkutanoni niseme. Atuletee ile ya familia, ya mita 10 au 15, ramani ileile iliyokwisha uzwa nchi nyingi, ambayo kila ugonjwa wake unajulikana, spea zake zipo na kuna fundi mahali ameshaifungua akaifunga mara mia. Treni mbili. Kipimo cha urefu kwa watoto pale mlangoni na kijana ambaye hanunuliki kwa elfu mbili. Na wiki sita za kufunga kila mwaka zimeandikwa kwenye mkataba, kipindi cha mvua za masika ambacho wateja wenyewe ni wachache. Hiyo hata ikizinduliwa kesho asubuhi ntapanda siku ya kwanza, maana kwa mwezi wa kwanza nina Jumamosi zote nne.

Mpwa wangu nilimpelekea hoja zote hizi, na Kingda Ka, na Top Thrill 2, akanisikiliza huku anakula matobolwa, mwishoni akasema sawa mjomba Abu Dhabi, lakini Riyadh nikifika kidato cha pili. Shemeji akajifanya hajasikia.

Jumapili iliyopita tumempima tena, pekupeku, kisigino kimegusa fremu. 139. Alitaka niandike 139 na nusu, nikakataa.